Je, wajua kwa nini 5G, mtandao wa simu wa kizazi cha tano, iliwatia wasiwasi marubani?

Weka simu ya kitochi karibu na redio, kisha mtu akupigie. Kabla simu haijaita, spika ya redio inakoroma: tititi, tititi. Redio haikuulizwa, lakini imeisikia simu. Ndani ya ndege vipo vyombo vyenye masikio makali kuliko redio hiyo.

Kimojawapo ni altimita ya redio. Ndege kutoka Dar es Salaam inaposhuka Mtwara, altimita ya kawaida hupima mgandamizo wa hewa na kumpa rubani urefu kutoka usawa wa bahari. Lakini uwanja wetu uko zaidi ya mita 100 juu ya bahari, na ndege kubwa hutaka kujua ardhi yenyewe iko umbali gani chini ya tumbo lake. Altimita ya redio hutuma wimbi chini, linagonga ardhi na kurudi. Muda wa safari hiyo ndio unaotoa umbali. Wimbi hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa mita 60 juu, kwenda na kurudi hakufiki hata nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na mwangwi unaorudi ni hafifu mno.

Chombo hiki kikikosea, watu wanaweza kufa. Tarehe 25 Februari 2009, karibu na Amsterdam, altimita moja ya ndege ya Turkish Airlines ilionyesha kuwa ndege imeshafika chini. Mitambo ikapunguza nguvu za injini wakati ndege bado iko hewani, ikaanguka, watu 9 wakafariki. Simu haikuhusika kabisa, chombo ndicho kilichokosea. Lakini ndiyo sababu hakuna anayetaka kubahatisha.

Altimita hizi zimetengewa masafa ya redio ya megahezi 4,200 hadi 4,400 duniani kote. Kwa miaka mingi majirani zake walikuwa mawimbi ya setilaiti, yanayofika ardhini yakiwa yamechoka. Kisha minara ya 5G ikahamia jirani. Marekani iliipa megahezi 3,700 hadi 3,980, na Januari 2022 baadhi ya mashirika ya ndege yakasitisha safari za huko.

Hapo utauliza: mbona namba hazigusani? Fikiria unamsikiliza mgonjwa anayenong'ona, na nyumba ya pili inapigwa ngoma ya unyago. Ngoma haijaingia chumbani mwako, ila humsikii mgonjwa. Altimita za zamani hazikuwa na chekeche la kutosha la kuzuia kelele za jirani.

Kwa hiyo kinga ni kuachia nafasi: Ulaya 5G ya masafa hayo huishia megahezi 3,800, ikibakiza 400 kabla ya altimita, ilhali Marekani ilibakiza 220. Karibu na viwanja, minara hupunguziwa nguvu au antena zake huinamishwa chini. Ndege nazo hufungwa vichujio vipya. Hapa kwetu anayegawa masafa ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kazi hiyo, isiyoonekana kwa macho, naiona ni ulinzi wa abiria sawasawa na breki za ndege.

Na simu yako? Hiyo haitumii masafa ya altimita, hatari yake ni ndogo. Lakini ikikosa mnara huko juu hupaza nguvu zake zote kuutafuta, na ile tititi inaweza kuingia kwenye vipokea sauti vya rubani wakati anapewa maelekezo ya kutua. Ndiyo maana mhudumu anakuomba uiweke kwenye hali ya ndegeni kabla hamjaondoka.