Pigo Moja, Vichwa Viwili: Modeli za Kompyuta na Mtikisiko wa Ubongo

Chukulia abiria wawili wa bodaboda wameanguka pamoja karibu na daraja la Nyali, Mombasa. Mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Mwenzake, kwa wiki nzima, kichwa kinamgonga, mwanga unamkera na maneno yanampotea. Picha ya CT, yaani ya eksirei inayopigwa tabaka kwa tabaka, yaweza kutoka safi kwa wote wawili, maana CT huonyesha damu na mivunjiko, si nyuzi za neva zilizovutika.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4. Ukiubana, haupungui ujazo kwa urahisi, sawa na maji. Ukiusokota, unapinda mara moja. Ndiyo sababu kichwa kikizungushwa ghafla hatari huwa kubwa, jambo alilolieleza mwanafizikia Holbourn wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1943. Na kusokoteka huko hutegemea ukubwa na umbo la kichwa chenyewe. Wataalamu hukadiria kusokoteka huko kwa modeli, yaani kichwa cha kuigiza ndani ya kompyuta; hapo modeli ya kichwa cha wastani hutupotosha.

Modeli ya mtu mmoja huanza na picha zake za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, aghalabu zenye chembe za milimita 1. Kila tishu hutenganishwa: ngozi, fuvu, maji yanayouzunguka ubongo, sehemu ya kijivu, sehemu nyeupe, na utando mgumu unaogawa pande mbili. Fuvu ndilo linalosumbua. Kwenye MRI mfupa huonekana mweusi kama hewa, basi programu huuchanganya na matundu ya hewa ya usoni, na mtaalamu hulazimika kusahihisha kwa mkono.

Kisha kichwa hugawanywa vipande vidogo, mamia ya maelfu au hata mamilioni, kila kimoja kikipewa ugumu wa tishu yake. Kipande kimoja kilichopondeka chatosha kuharibu kazi: kasi ya hesabu nzima hufuata kipande kidogo kuliko vyote, hivyo kompyuta hujikokota; na kikipinduka ndani nje, hesabu hukwama. Njia ya mkato ni kuchukua modeli iliyo tayari na kuivuta ilingane na kichwa cha mhusika. Huokoa muda, ila kwa wazee, ambao vyumba vya maji ndani ya ubongo hutanuka, mara nyingi haikai sawa.

Mwendo wa kichwa unaoingizwa kwenye modeli hutoka kwenye vihisi, kwa mfano vya kinga ya meno ya mchezaji wa raga. Kinachosomwa mwishoni ni mvutiko wa ubongo kufuata mwelekeo wa nyuzi za neva; mwelekeo huo huonyeshwa na aina maalumu ya MRI.

Ugumu wa tishu kwa kawaida hutoka kwenye vipimo vya maabara, si kwa mhusika mwenyewe. Kwa hiyo modeli haimpimi mgonjwa. Aliyeanguka akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akishikwa na degedege au mboni zake zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali papo hapo.