Jibu Lisilojibu Swali: Ninavyowafundisha Mawakili Kuhoji Mashahidi kabla ya Kesi

Darasa langu la kwanza hulifungua kwa maswali mawili yaliyoulizwa mwaka 1966, katika shauri la kufilisika kwa kampuni ya filamu ya Samuel Bronston. Wakili alimuuliza Bronston, aliyekuwa chini ya kiapo, kama alikuwa na akaunti yoyote katika benki za Uswisi, naye akajibu kwamba hana. Wakili akaongeza: "Uliwahi kuwa nayo?" Bronston akajibu kwamba kampuni iliwahi kuwa na akaunti huko Zurich kwa miezi sita hivi. Wakili hakulirudia swali lake. Kumbe Bronston mwenyewe alikuwa amewahi kuwa na akaunti binafsi mjini Geneva kwa karibu miaka 5. Alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo akatiwa hatiani, lakini mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimfutia hatia hiyo, kwa kuwa alichosema kuhusu kampuni kilikuwa kweli, na kulitambua jibu linalokwepa na kumrudisha shahidi kwenye swali ni kazi ya wakili anayehoji.

Shauri lile halikuwa depozisheni, lakini kosa ni lilelile ninalolikuta kila mara ninapowafundisha mawakili vijana wa Marekani. Depozisheni ni mahojiano ya shahidi chini ya kiapo kabla ya kesi kusikilizwa, aghalabu katika chumba cha mikutano cha ofisi ya mawakili, bila jaji kuwapo, huku karani maalumu akinakili kila neno linalotamkwa. Kwa aliyezoea mahakama za Afrika Mashariki utaratibu huu ni mgeni: nchini Kenya, kwa mfano, kanuni za mashauri ya madai za mwaka 2010 zinamtaka mdai awasilishe maelezo ya mashahidi wake kwa maandishi pamoja na hati ya madai, na kwa kawaida wakili wa upande wa pili humhoji shahidi anapopanda kizimbani. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kila upande unaweza kuwahoji hadi watu 10 bila kuhitaji idhini ya mahakama, na kila shahidi huhojiwa kwa siku moja isiyozidi saa 7.

Saa 7 humdanganya mwanafunzi. Asubuhi nzima huipoteza kwa kuuliza shahidi alisoma wapi na aliajiriwa lini, kisha jioni hulikimbilia jambo lenyewe. Mimi humtaka aanze kwa kuandika sentensi tano ambazo angependa kuzisoma mbele ya jopo la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, siku ya kesi, halafu ajiulize ni maswali gani yatamfikisha kwenye kila mojawapo. Akishalifikia jambo, aulize kwa upana ili shahidi aseme yote anayoyajua, kisha aufunge mlango: "Kuna lingine unalolikumbuka kuhusu mkutano ule?" Alirudie swali hilo mpaka shahidi aseme hakuna. Wengi huona haya kulirudia mara ya tatu, nami naamini ushahidi mwingi mpya unaojitokeza ghafla siku ya kesi hupenya kwenye haya hiyo.

Kuna pia hofu ya pingamizi. Kanuni zinamruhusu wakili wa upande wa pili kutaja pingamizi lake kwa ufupi, bila kumdokezea shahidi jibu, na shahidi hujibu hata hivyo. Anaweza kukatazwa kujibu ili kulinda siri za kisheria, hasa zile za wakili na mteja, kutekeleza mpaka uliowekwa na mahakama, au kuiomba mahakama isimamishe mahojiano yanayoendeshwa kwa nia mbaya. Hata hivyo, mwanafunzi akisikia pingamizi tu huliacha swali zuri kabisa. Ndiyo maana humweka mwenzake apinge kila swali kwa nusu saa nzima, mpaka yule anayehoji azoee kumtazama shahidi na kusema kwa utulivu: "Tafadhali jibu."

Siku ya kesi, maneno ya depozisheni ya mdaawa wa upande wa pili yanaweza kutumiwa kwa lengo lolote, na ya shahidi aliyefariki au aliye umbali wa zaidi ya maili 100 yanaweza kusomwa badala yake. Shahidi akiwapo kizimbani na kubadilisha kauli, kwanza mfanye arudie alichosema leo, kisha akiri kwamba siku ile aliapa, ndipo usome ukurasa, mstari na maneno yaleyale. Usiyafupishe, na usimuulize kwa nini amebadilika, maana hapo unampa nafasi ya kujieleza.

Mashahidi wanaozungumza Kiswahili, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo, wamenifunza jambo ambalo wenzangu wengi hawalioni. Mwulize shahidi huyo, "Hukumwona dereva?" naye aghalabu atajibu "Ndiyo," akimaanisha kwamba ni kweli, hakumwona. Mkalimani akiitafsiri "ndiyo" hiyo kwa Kiingereza nayo ikanakiliwa, msomaji anaweza kuamini kwamba alimwona. Anayehesabu saa tangu macheo na machweo akisema saa mbili usiku, saa sita nzima zinaweza kupotea katika tafsiri. Mkono ni kiganja na pia ni kuanzia begani hadi vidoleni, jambo zito katika madai ya majeraha. Kwa hiyo nawakataza wanafunzi maswali ya kukanusha, nawaambia waulize ni muda gani ulikuwa umepita tangu jua lizame, na shahidi akionyesha kwa kidole wayatamke kwa sauti aliyoyaonyesha, kwa sababu karani hunakili maneno tu.

Asubuhi ya pili nawapa wanafunzi nakala ya mahojiano yao ya mazoezi pamoja na mkasi. Kila mmoja hukata swali na jibu lake linaloweza kusomwa peke yake na kueleweka, na kilichobaki hukiweka kando. Wengi hubaki na vipande vichache mkononi. Shahidi hurudi kwenye kiti chake, karani huandaa mashine, nasi huanza upya kutoka swali la kwanza.