Je, Kompyuta ya Kawaida Inahitaji Kujua Njia za Mtandao?

Dhana potofu: Kuchagua njia ni kazi ya ruta (kifaa kinachounganisha mitandao) peke yake, kompyuta ya mezani hutuma tu.

Ukweli: Kila kompyuta yenye anwani ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni) ina jedwali lake la njia, na uamuzi wa kwanza kuhusu kila pakiti, yaani kipande cha data kinachotumwa, hufanyika humo kabla ruta yoyote haijahusika. Anayetumia Windows huliona kwa amri ya *route print*, na wa Linux kwa *ip route*. Kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 na mpaka wa mtandao (subnet mask, namba inayoonyesha mtandao wa karibu unaishia wapi) wa 255.255.255.0 huwa na mstari unaosema kwamba anwani zote zinazoanza na 192.168.1 ni jirani na hufikiwa moja kwa moja, na mwingine unaoagiza kwamba pakiti zilizobaki zikabidhiwe lango kuu, yaani ruta inayozipeleka nje, tuseme 192.168.1.1. Kwa kuwa mistari hiyo hutokana na mipangilio inayogawiwa na DHCP (huduma inayozipa kompyuta anwani zenyewe) bila mtumiaji kuandika chochote, wengi hudhani haipo.

Uwepo wake hudhihirika ikikosewa. Fundi akiweka 255.255.0.0 mahali pa 255.255.255.0, kompyuta itaamini kwamba seva ya 192.168.5.20, ambayo kwa kweli iko nyuma ya ruta, ni jirani yake. Itaiita kwa ARP, njia ya kuuliza majirani ni nani mwenye anwani fulani, na, isipokuwa ruta imewekwa kuijibia, haitapata jibu. Intaneti itaendelea kufunguka kama kawaida, na lawama zote zitaangukia ruta ambayo haikuletewa hata pakiti moja ya seva hiyo.

Dhana potofu: Basi kompyuta iendeshe itifaki za njia (taratibu ambazo ruta hutumia kuarifiana njia) kama ruta.

Ukweli: Haihitaji. Ruta kubwa zinazotumia BGP, itifaki ya njia kati ya mitandao mikubwa ya intaneti, hubeba njia zaidi ya laki tisa za IPv4, ilhali kompyuta hutosheka na mistari michache. Waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, uliitaka tu irekebishe jedwali lake pale ruta inapoiarifu, kwa ujumbe wa ICMP (itifaki ya kupeana taarifa za mtandao), kwamba lipo lango linalofaa zaidi. Nayo mifumo mingine ya leo huwekwa ipuuze ujumbe huo kwa sababu za usalama, na ni sawa.

Dhana potofu: Lango kuu likishawekwa, hakuna zaidi.

Ukweli: VPN (muunganisho salama wa kufikia mtandao wa mbali, kama wa ofisini) ikiwashwa huongeza mistari yake, na njia iliyo mahususi zaidi ndiyo inayoshinda. Ikitokea nyumbani na ofisini kote kunatumika 192.168.1, kompyuta yaweza kuitafuta seva ya ofisini pale pale sebuleni.