Robert Smalls: stori haikuishia kwenye meli

Ukitaja Robert Smalls utaambiwa aah, yule mtumwa aliyetoroka na meli, basi, stori imeisha, utadhani alifia baharini. Jamaa aliishi hadi 1915 na miaka mingi alikuwa kwenye siasa za South Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani.

Tuanze na hiyo meli. Ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Kusini iliyotaka utumwa ubaki dhidi ya Kaskazini. Eti alikuwa kapteni wa Planter, meli ya jeshi la Kusini. Hapana, Mei 13, 1862 alikuwa mtumwa wa kukodishwa, anashika usukani, kazi ni ya rubani kabisa ila wazungu wa Kusini hawakutaka kumpa mweusi hicho cheo. Usiku ule maofisa wameenda kulala mjini Charleston, yeye akavaa kofia ya kapteni, ile pana ya majani, akasimama kama bosi wake anavyosimamaga, wakipita Sumter, ngome ya Kusini pale bandarini, akapiga honi ya stima, mbili ndefu moja fupi, wakaachiwa. Walipofika mbali ambako mizinga ya Kusini haiwafikii ndo wakapandisha shuka jeupe ili meli za Kaskazini zisiwapige. Na hakuwa peke yake, jumla walikuwa watu 16, mkewe Hannah na watoto wamo.

Sasa mtu anasema Rais Lincoln ndo alimpa uhuru! Tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa ni Januari 1863, huyu alishajichukulia wa kwake miezi saba na ushee nyuma.

Nyingine, kwamba wanasiasa weusi wa baada ya vita waliwekwa tu waitikie ndiyo mzee. Smalls alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, halafu 1868 kwenye mkutano wa kuandika katiba ya jimbo akapigania shule za umma za bure kwa watoto wote. Mwaka huohuo akaingia bunge la jimbo, 1870 seneti ya jimbo, 1875 huyo Washington, bunge la Marekani.

Ya rushwa ndo inanikera, maana pande zote mbili zinadanganya. Kuna wanaosema ni uzushi mtupu, wakati 1877 alihukumiwa kweli, miaka mitatu jela, kwa dola 5,000 za tenda ya uchapishaji alipokuwa seneta wa jimbo. Wengine wanaishia hapohapo, mwizi, kwisha. Hawakwambii kesi ilikuja baada ya Democrat, enzi hizo chama cha wazungu wa Kusini na wapinzani wake, kurudi madarakani jimboni, na 1879 gavana akamsamehe huku serikali kuu ikiachia kesi za Democrat walioshtakiwa kwa mambo ya uchaguzi. Mkisikia hiyo bei ya kubadilishana mtajua kesi ilikuwa ya aina gani.

Halafu nyumba ya Prince Street kule Beaufort, ya bwana wake, ambayo alizaliwa kwenye vibanda vya watumwa uani. Eti alizawadiwa. Aliinunua kwenye mnada wa nyumba zinazodaiwa kodi, vita bado inaendelea, mwenye nyumba wa kabla yake akamburuza mahakamani, wakafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na 1878 Smalls akashinda. Humohumo ndo alifia.