Dawa za kifafa na saratani ya ubongo: je, zinarefusha maisha?

Kwa nini mgonjwa wa saratani ya ubongo hupewa dawa za kifafa?

Uvimbe huvuruga umeme wa seli zilizo jirani nao. Wengine huanguka na kukakamaa. Mwingine hutetemeka mkono mmoja tu, au maneno humkwama kwa dakika moja huku akikutazama. Hicho nacho ni kifafa, daktari aambiwe.

Nimesikia valproeti, mojawapo ya dawa hizo za kifafa, humwongezea mgonjwa siku. Ni kweli?

Hapana, ingawa tumaini hilo lilikuwa na msingi. Mwaka 2011 watafiti walipitia upya takwimu za jaribio kubwa la glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Kati ya waliotibiwa kwa mionzi na temozolomidi, dawa ya saratani, nusu ya waliotumia valproeti walivuka miezi 17. Kwa wasiotumia dawa yoyote ya kifafa ilikuwa miezi 14 hivi. Lakini wagonjwa hawakugawiwa valproeti kwa kura, kwa hiyo huenda tofauti ilitokana na mambo mengine. Mwaka 2016 zikaunganishwa taarifa za wagonjwa 1,869 kutoka majaribio manne. Faida ile haikuonekana, si kwa valproeti wala kwa levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa.

Inauma kuisikia, najua. Hata hivyo, kuishi bila kuanguka jikoni karibu na moto ni faida kubwa, na hiyo dawa hizi huileta kweli.

Basi dawa yoyote itafaa?

La. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hulichochea ini livunje haraka dawa nyingine, zikiwemo baadhi za saratani na deksamethasoni inayopunguza shinikizo kichwani. Levetirasetamu haina tabia hiyo, ila huweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Mkiona hivyo nyumbani, msimlaumu, mwambieni daktari. Valproeti huweza kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na temozolomidi nayo hivyo hivyo, kwa hiyo damu ipimwe. Tena valproeti ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Sijawahi kupata kifafa. Nimeze kwa kinga?

Miongozo ya wataalamu wa Marekani na Ulaya ya 2021 inasema hakuna haja.

Na dawa zikiniishia?

Usisubiri tarehe ya kliniki. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa mfululizo. Shambulio likitokea, mgonjwa alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni; likizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.