Je, Wajua? Virusi Vinavyoua Bakteria Pia Huwasambazia Usugu wa Dawa

Virusi vilivyo vingi zaidi duniani havina habari na binadamu. Windo lake ni bakteria: hunasa kwenye ukuta wa seli, huingiza DNA ndani, huitumikisha seli izalishe virusi vipya, kisha huipasua na kutawanyika. Huitwa bakteriofaji. Frederick Twort alivieleza mwaka 1915 nchini Uingereza, na mwaka 1917 Félix d'Herelle, akiwa Paris, akavipa jina hilo. Kabla penisilini haijaingia hospitalini, tayari vilikuwa vimejaribiwa kama tiba. Muuaji wa namna hiyo anawezaje tena kuwa msambazaji wa usugu wa dawa?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni hili: kirusi kimebeba jeni ya usugu, kinamwambukiza bakteria, naye anakuwa sugu. Ni jibu jepesi kushika, lakini linakwaa mahali pawili.

Kwanza, jeni ya usugu ina faida gani kwa kirusi chenyewe? Antibiotiki nyingi hushambulia ukuta wa seli, au ribosomu zinazotengeneza protini. Kirusi hakina ukuta wa seli wala ribosomu. Tena nafasi ndani ya kichwa chake ni finyu, na DNA isiyokisaidia inakula nafasi hiyo bure. Kweli, ziliwahi kutoka tafiti zilizodai kuona jeni za usugu kwa wingi ndani ya DNA ya virusi vya mazingira. Mwaka 2017 watafiti walizipitia upya data za aina hiyo wakakuta hesabu ilikuwa imevimba. Vigezo vya kuita kitu "jeni ya usugu" vilikuwa vimelegezwa mno, na sampuli nyingi zilikuwa zimechanganyika na DNA ya bakteria. Walipokaza vigezo, jeni za usugu katika jenomu, yaani DNA nzima, za virusi zikabaki adimu sana. Adimu, si sufuri: vipo virusi vinavyoishi ndani ya seli kama plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachojitegemea, na baadhi yake vimekutwa na jeni halisi za usugu.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, bakteria aliyevamiwa na kirusi kamili cha aina ya kuua hufa. Hata angepewa jeni kumi za usugu, haziwezi kumfaa. Kwa hiyo kinacholeta usugu, mara nyingi, si kirusi kamili. Ni ganda la kirusi lenye mzigo usio wake.

Mzigo huo huingiaje? Fikiria mfanyakazi wa ghala anayefungasha kitambaa. Ameagizwa atafute jora lenye muhuri fulani, aanze kukunja kutoka kwenye muhuri, ajaze boksi hadi limejaa, akate, kisha aendelee na boksi linalofuata bila kutafuta muhuri tena. Hapimi urefu wala hasomi kilichoandikwa kwenye kitambaa. Kwake "boksi limejaa" ndiyo amri ya kukata. Sasa ghala hilohilo lina jora jingine, refu mara mia, na mahali fulani lina doa linalofanana na muhuri. Akilikuta doa hilo, ataanza kukunja kwa bidii ileile. Mfanyakazi huyo ni kimeng'enya cha kirusi, boksi ni kichwa cha kirusi, jora fupi ni DNA ya kirusi, na jora refu ni DNA ya bakteria mwenyewe.

Boksi lililofungwa kimakosa linatoka na mengine seli inapopasuka. Kwa nje halina tofauti: lina mkia, linanasa kwenye bakteria mwingine, linamdunga. Lakini linachomdunga ni kipande cha DNA ya marehemu, wala hakina maagizo ya kuua. Bakteria huyo anabaki hai. Kama kipande kina jeni ya usugu na kikafanikiwa kuunganishwa kwenye DNA yake, yeye na vizazi vyake wanakuwa sugu.

Njia hii, iitwayo transdaksheni, ilitangazwa mwaka 1952 na Norton Zinder na Joshua Lederberg, na namna walivyoinasa inapendeza kuisimulia. Walikuwa na aina mbili za bakteria aitwaye Salmonella, kila moja ikiwa na upungufu wake, haiwezi kukua bila kuongezewa virutubisho fulani. Waliziweka katika pande mbili za mrija wenye umbo la U, katikati kukiwa na kichujio kinachopitisha maji lakini si bakteria. Hazikuweza kugusana. Hata hivyo upande mmoja walitokea bakteria wazima, wasiohitaji kuongezewa chochote. Wakatia kimeng'enya kinachosaga DNA iliyo wazi. Matokeo yakabaki yaleyale, maana yake mzigo ulisafiri ukiwa umefunikwa. Msafiri alikuwa kirusi kiitwacho P22. Kilikuwa kimelala ndani ya aina moja, yaani kimejificha katika DNA ya bakteria bila kumuua, kikatoka, kikapenya kichujio, kikapasua bakteria wa upande wa pili, na maganda yaliyobeba jeni zao yakarudi upande wa kwanza.

Kichwa cha P22 hubeba herufi za DNA takriban 44,000, chini ya asilimia moja ya DNA yote ya Salmonella. Ukubwa huo huamua mengi. Kwa bakteria Staphylococcus aureus, ambaye virusi vyake vina vichwa vya ukubwa unaokaribiana na huo, jeni ya mecA inayomfanya asisikie antibiotiki ya methisilini hukaa ndani ya kipande cha herufi kama 20,000 hadi zaidi ya 60,000. Vipande vifupi huenea. Virefu haviwezi kuingia vizima. Plasmidi ndogo hupata urahisi zaidi, kwa sababu ikifika huweza kujiendesha bila kuunganishwa kwenye DNA ya mwenyeji.

Virusi vilivyolala, kama P22 kabla ya safari yake, huleta tatizo jingine. Antibiotiki iitwayo siprofloksasini huharibu DNA ya bakteria; seli hujihami kwa kuamsha mfumo wa dharura, na mfumo huo huvunja protini iliyokuwa imekifunga kirusi. Kirusi kinaamka na kuanza kufungasha. Dawa yenyewe imekiamsha. Katika maabara, carbadox, dawa iliyotumika kwa nguruwe, iliamsha virusi ndani ya Salmonella sugu, navyo vikahamishia jeni za usugu kwa Salmonella nyingine.

Kisha mwaka 2018 ikaonekana kwamba si lazima pawe na doa. Baadhi ya virusi vilivyolala vya Staphylococcus aureus huanza kujifungasha kabla ya kuchomoka kwenye DNA ya bakteria. Majora mawili bado yameshonwa pamoja: mfanyakazi anaanza kwenye muhuri sahihi, anamaliza kitambaa cha kirusi, na bila kusimama anaingia kwenye kile cha bakteria, boksi baada ya boksi. Jeni zilizo jirani upande huo zilihama zaidi ya mara elfu moja kuliko kwa njia ya bahati mbaya. Kwa maoni yangu, hapa neno "kosa" linaanza kupungua uzito.

Hata hivyo, bakteria wana njia nyingine ya kupeana jeni, ya kugusana seli kwa seli, na kwa spishi nyingi ndiyo inayohesabiwa kuwa kuu. Kila kirusi pia huchagua sana mwenyeji wake. Ni kwa Staphylococcus aureus hasa ambapo virusi hushika usukani. Vipimo vingi vimefanyika kwenye maabara. Ndani ya utumbo ni vigumu kutenganisha DNA iliyo ndani ya ganda na ile iliyochafua sampuli tu, na ugumu huo ulihusika pia katika ubishi wa 2017.

Wanaotafuta virusi vya kutibu maambukizi huanzia hapohapo. Huvikwepa vinavyoweza kulala, na hupendelea vya aina ya kirusi kiitwacho T4, ambacho hukatakata DNA ya bakteria vipande vidogo kabla kazi ya kufungasha haijaanza, hivyo jora refu halipo tena la kukunjwa.