Sungura hasusi chakula, anaumwa

Simu nyingi tunazopokea kuhusu sungura huanza hivi: "Daktari, tangu jana jioni amesusa kula, lakini yuko sawa tu, ametulia." Maneno mawili hapo hunifanya niinuke kitini. La kwanza ni "amesusa". Mtoto hususa kwa sababu amekasirika, na njaa ikimuuma atarudi mwenyewe kwenye sahani. Sungura hana kususa kwa namna hiyo. Akiacha kula, kuna kitu kinamzuia, na mara nyingi kitu hicho ni maumivu.

La pili ni "ametulia". Sungura mzima saa ya chakula hatulii: anakuja mbio, anasimama kwa miguu ya nyuma, anazunguka miguuni mwa mtu mpaka apewe. Ukimkuta amejikunyata kwenye kona, macho nusu yamefumba, masikio yamelala nyuma, pua imepunguza kuchezacheza, huyo anaumwa na anajitahidi usimjue. Ni mnyama wa kuwindwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, na tabia hiyo haikumtoka hata baada ya vizazi vingi vya kufugwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo naomba wafugaji wabadili kipimo. Mbwa mwenye afya akiruka mlo mmoja, mtu anaweza kusubiri kesho aone. Kwa sungura tunahesabu saa. Aliyekaa saa 12 bila kutia kitu mdomoni ni mgonjwa wa dharura, na kama hata choo chake kimepungua, usingoje hizo 12 zitimie. Usiku ukiwa umeingia, usiseme tutaona asubuhi.

Utumbo usiojua mapumziko

Sungura ameumbwa kula kidogokidogo mchana na usiku, na nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazosukuma kila kitu tumboni mwake kiende mbele. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana kuna mfuko mkubwa sana, mkubwa kuliko tumbo lenyewe la chakula, uliojaa bakteria wanaochachusha majani. Humo hutengenezwa kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Sungura hukila chenyewe moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu kina protini na vitamini ambazo hakuzipata mara ya kwanza. Wafugaji wengi hawajawahi kukiona, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kukikuta kimebaki sakafuni au kimeganda kwenye manyoya ya nyuma ni dalili kwamba mambo yameanza kwenda mrama.

Sasa tuseme kitu kimemuuma na akaacha kula. Utumbo unapunguza mwendo. Maji yanaendelea kufyonzwa, chakula kilichomo kinakauka na kushikamana. Bakteria wazuri wanakosa chakula, wabaya wanapata nafasi, gesi inajaa. Gesi inauma, na maumivu yanamfanya azidi kukataa kula. Hawezi kutapika, mwili wake haukuumbiwa hivyo, kwa hiyo kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Wakati huohuo mwili uliokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake, na mafuta hayo hurundikana kwenye ini. Sungura mnene, ambaye watu hudhani ana akiba ya kumvusha, ndiye anayeharibika ini upesi zaidi.

Kwa miaka mingi lawama iliangukia nywele. Ilisemwa sungura amejilamba, nywele zimefanya donge tumboni, basi anyweshwe mafuta au juisi ya nanasi ziyeyuke. Juisi haiyeyushi nywele. Na ukweli ni kwamba tumbo la sungura mzima lina nywele siku zote; utumbo ukitembea, zinapita. Donge tunalolikuta kwa mgonjwa mara nyingi ni matokeo ya utumbo kusimama na maji kukauka, wala si chanzo. Kuna hali moja tofauti, na hiyo ni ya kutisha: kifundo kidogo kigumu cha nywele, au kipande cha zulia au plastiki, kinapokwama kwenye utumbo mwembamba. Hapo sungura aliyekula vizuri asubuhi anaweza kuwa hoi jioni, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Huyo ana saa chache tu.

Mjaribu kwa jani

Kabla hujatoka nyumbani, fanya jambo moja la dakika mbili. Chukua jani analolipenda kuliko yote, liweke mbele ya pua yake, kisha tazama bila kumsemesha.

Akigeuza uso, au akiliangalia kama halipo, tatizo huenda liko tumboni au kuna maumivu makali mahali pengine. Lakini akilifuata, akalinusa kwa hamu, akalishika, akatafuna mara mbili tatu kisha likadondoka, njaa anayo. Kinachomshinda ni mdomo. Namkumbuka sungura mmoja wa kijivu aliyefanya hivyo mezani kwetu mara nne mfululizo. Kila alipopewa jani alilikimbilia kama kawaida, akaliuma, halafu kichwa kikashtuka na jani likaanguka. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Mfugaji wake alikuwa amemkagua meno ya mbele nyumbani na kuyaona mazuri, na kweli yalikuwa mazuri. Tulipomlaza kwa dawa na kumulika nyuma kabisa, tulikuta gego la chini limeota ncha kuelekea ndani, nyembamba kama kucha ya paka, na ubavuni mwa ulimi kuna kidonda kilichochimbika palepale ncha ilipokuwa ikigusa. Alikuwa akijikata kila anapotafuna. Tuliisaga ile ncha, tukampa dawa ya maumivu, na jioni yake alikula.

Meno ya sungura yako 28 na yote hayaachi kuota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana, na kinachoyasaganisha vizuri ni kutafuna nyasi kwa muda mrefu. Ndiyo maana anayekula majani laini lakini ameanza kuacha nyasi kavu, hata kama anaonekana mzima, anastahili kuangaliwa magego kabla hajafikia kugoma kabisa.

Baada ya jani, angalia choo. Sungura mwenye afya hudondosha punje 200 hadi 300 kwa siku, za mviringo, zinazofanana ukubwa, na ukizivunja unaona nyasi zilizosagika. Punje zikiwa ndogo, ngumu, nyeusi, au zimeungana kwa unywele kama shanga kwenye uzi, utumbo umeanza kulegea, pengine tangu jana au juzi. Piga picha, au zitie kwenye mfuko uje nazo. Kwangu zinasema mengi kuliko maelezo.

Kisha gusa tumbo kwa kiganja, polepole, bila kubonyeza. La kawaida ni laini kama donge la unga uliokandwa. Likiwa limekaza, acha kusoma makala hii uondoke sasa hivi. Shika na masikio: yakiwa ya baridi kuliko kawaida na sungura amelegea, mwili unapoteza joto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40, na likishuka chini ya 38 hali ni mbaya kuliko hata homa.

Mtu akiona mnyama wake hataki kula, mkono unakwenda wenyewe kutafuta bomba la sindano amlishe kwa nguvu. Naelewa huruma hiyo, lakini subiri. Kulisha kwa bomba ni sehemu kubwa ya tiba, na nyumbani mtafanya sana, ila baada ya daktari kuhakikisha njia haijaziba. Ukisukuma uji kwenye tumbo ambalo mlango wake wa kutokea umefungwa, unalijaza zaidi, na linaweza kupasuka. Ukisharuhusiwa, mwache akae kwa miguu yake minne, usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na utoe kidogokidogo huku ukisubiri ameze. Ukiharakisha, uji utaingia kwenye mapafu.

Usimpe kidonge cha maumivu cha binadamu. Usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini pia. Amoksilini, ambayo watu wengi wanayo nyumbani, ikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa utumbo na kuacha wenye sumu watawale; dawa hiyohiyo inayomsaidia mtoto inaweza kumuua sungura.

Unachoweza kufanya njiani ni kumpa joto kama masikio ni ya baridi: chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo, upande mmoja wa boksi, ili akitaka asogee mbali nayo. Kama aliugua siku ya joto kali na masikio yanawaka, kinyume chake, mpeleke kwenye kivuli na ulowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Weka nyasi ndani ya boksi hata kama hazili. Na kama ana mwenzake anayeishi naye, waje wote wawili. Mgonjwa aliyetengwa hupata hofu, na hofu nayo huzuia utumbo kutembea.

Kliniki, mtamwona daktari akianza na dawa ya maumivu, na wengine hushangaa kwa nini hakuanza na chakula. Maumivu ndiyo yaliyofunga mdomo, hivyo tunayaondoa kwanza. Mara nyingi atawekewa maji ya dripu, atapigwa picha ya eksirei, na atapimwa sukari ya damu kwa tone moja, kwa kuwa sukari iliyopanda sana hututia shaka kwamba njia imeziba na huenda upasuaji ukahitajika. Dawa za kusukuma utumbo huja baada ya hapo.

Baada ya hatari kupita, swali la kuuliza ni: nini kilimuuma? Wapo wazee wenye viungo vibovu wanaoshindwa kujiinamia, wenye mchanga kwenye kibofu, majike wasiofungwa kizazi wenye uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Wapo waliofiwa na mwenzao, waliohamishwa nyumba, au waliobadilishiwa chakula ghafla. Na wapo, tena wengi, wanaopewa vidonge vya chakula vya dukani bakuli zima na nyasi kiganja kimoja, wakati ilitakiwa iwe kinyume: nyasi zichukue zaidi ya asilimia 80 ya chakula, na vidonge kijiko kimoja au viwili tu. Sungura ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakikujulikana atarudi kwetu tena, na kila mara anarudi dhaifu zaidi.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani na uandike. Na uulize mapema, leo akiwa mzima, kama daktari wa wanyama aliye karibu nawe anatibu sungura na kama yupo usiku, kwa sababu si kila anayetibu mbwa amezoea mnyama huyu.

Choo cha kwanza kikidondoka baada ya ugonjwa, hata kama ni punje tatu kavu zenye umbo baya, mtafurahi, na mna haki ya kufurahi. Zitakazofuata zitakuwa kubwa zaidi na laini zaidi. Lakini endeleeni kuzihesabu kwa siku tatu nne, na dawa ya maumivu msiikatishe kwa sababu ameanza kula. Anakula kwa sababu dawa hiyo bado inafanya kazi.